Tundu Kwenye Moyo wa Mtoto wa Mtu

Ukitoka kwenye maduara ya rashi mpya pale Matongo, mashimo ya dhahabu yaliyovuta watu kutoka kila mahali, ukateremka na njia ya bodaboda, utakuta benchi moja refu limeegemea ukuta wa banda la karasha. Limegongwagongwa kwa miti iliyobaki baada ya kushikiza kuta za duara, na miguu yake haijawahi kulingana, kwa hiyo anayekaa mwisho akiinuka, wenzake wote wanayumba. Hapo ndipo Rispa anapopikia kahawa, birika jeusi juu ya jiko la mkaa, tangawizi bila huruma. Wanaokaa hapo ni wale wale, na wana sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika popote: huleti shida yako kwa jina lako. Ukiwa na jambo, unasema kuna mtu. Mke wa Owiti alipofunga virago akarudi kwao Kenya, Owiti alikuja akasema kuna mtu kakimbiwa na mke, na kwa wiki mbili benchi zima lilimshauri huyo mtu, Owiti akawa anaahidi kumfikishia. Mke aliporudi hakuna aliyempongeza Owiti. Walimwambia tu, msalimie huyo mtu.

Alhamisi hiyo alasiri karasha tatu zilikuwa zinasaga mawe nyuma ya ukuta, na vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya kila kitu mpaka kwenye kope za watu. Werema alikuja akakaa katikati, jambo ambalo si kawaida yake. Watu humwita Sikio. Jina hilo alilipata chini ya ardhi. Maduara mawili yakitaka kuunganishwa ili hewa ipite, kundi hili huchimba kutoka huku na lile kutoka kule, na katikati unabaki mwamba ambao hakuna anayejua kilicho nyuma yake. Basi Werema alikuwa analaza sikio kwenye jiwe, wa upande wa pili wanagonga nyundo mara tatu, naye anasema: kulia, shuka kidogo, mikono miwili. Wakichimba hapo wanakutana. Kipimo hana, ramani hana. Ila mwaka wa kumi huu hajalaza sikio kwenye jiwe lolote. Siku hizi anashika kamba juu, kwenye mdomo wa duara, na hakuna anayemuuliza sababu, maana wote wanaijua. Na wewe utaijua muda si mrefu.

— Kuna mtu, alisema Werema. Mtoto wake wamemkuta na tundu kwenye moyo.

Hakuna aliyemtazama. Owiti, ambaye benchini anaitwa Migori kwa sababu nusu ya ndugu zake wako huko Kenya na nusu ya maneno yake yanatoka huko, aliinamia kikombe chake kama mtu aliyeona mdudu ndani. Heche, anayeitwa Ditekta kwa sababu hatembei bila ile mashine ya kutafutia dhahabu, alianza kuifuta vumbi mashine yake. Tusidanganyane, Matongo nzima ilikuwa imewaona Werema na mkewe Honoratha wakishuka kwenye basi Jumanne wakitoka Mugumu, binti yao Waisiko kabebwa mgongoni pamoja na miaka yake yote tisa. Na karatasi ya hospitali ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati la Werema, imekunjwa mara nne.

— Pole zake huyo mtu, alisema Ditekta. Tundu kubwa?

— Kama punje ya hindi.

— Na mtoto ana umri gani?

— Tisa.

— Kama wa kwako, alisema Migori, kisha akajuta, akajificha nyuma ya kikombe na kunywa kahawa iliyokuwa bado inaunguza. Machozi yalimtoka akasingizia vumbi.

Rispa alichochea mkaa. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mjane, mtu wa maneno machache ambaye hata akikukaripia unahisi amekufunika shuka.

— Kwa hiyo wanampasua kifua?

— Hawapasui, alisema Werema. Hapo ndipo maneno yalipo. Madaktari wa moyo walikuja kambi pale Mugumu, wakampima. Wanataka huyo mtoto aende Mwanza. Watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, hapa kinenani, wapande nao taratibu mpaka moyoni. Wakilifikia tundu wanaweka kitu kama kifungo cha pande mbili. Sahani moja huku, sahani moja kule, ukuta wa moyo umebanwa katikati. Wanatoa mrija. Mtoto anabaki na alama kama ya sindano.

— Aisee.

— Na huko ndani wanaona kwa kutumia nini? aliuliza Ditekta. Eksirei?

— Hapana. Kwingine wanatumia eksirei mpaka leo. Hawa wanatumia sauti. Ultrasaundi.

— Si ile ya kina mama wajawazito?

— Ndugu yake. Hii ni ya moyo. Mashine inatuma sauti ndani, sauti inagonga ukuta wa moyo inarudi, wao wanaiona kwenye kioo. Sauti yenyewe ni nyembamba, wewe huisikii. Nesi alisema mionzi ya eksirei si vizuri mtoto kukaa chini yake muda mrefu, wakati sauti haimdhuru. Na eksirei ni hodari wa mifupa, lakini ule ukuta laini wa moyo sauti ndiyo inauonyesha, unacheza hivi, tundu unaliona wazi.

Alisema yote hayo akiangalia mikono yake. Alikuwa ameyarudia kichwani tangu Jumanne, neno kwa neno, kama anayetafuta lililo na ufa.

— Hiyo naijua, maze, alisema Migori, na benchi likatulia kumsikiliza, maana Migori akisema anajua huwa hajui. Binamu yangu ana boti huko ziwani. Wamefunga mashine inapiga sauti chini ya maji, samaki akipita wanamwona kwenye kioo, hata ukubwa wake. Sasa damu si maji? Maji. Moyo ni ziwa dogo. Daktari ameketi juu na kioo chake, anaona kila kinachopita.

— Hapo umejitahidi, alisema Ditekta.

— Ngoja. Sasa fikiria. Kama anaona kila kinachopita moyoni, si ataona mpaka mawazo? Kuna mtu huko Kisii walimpima hivyo hivyo, daktari akamwambia jina la anayemloga na rangi ya nyumba yake.

— Mawazo yanapita kichwani, Migori. Moyoni inapita damu.

— Na mapenzi yanapita wapi? Kwenye goti?

Ditekta alihamia kwenye eneo lake.

— Mimi nauliza swali moja la kitaalamu. Hilo tundu, kabla hawajaliziba, wameangalia kilichomo?

— Kilichomo wapi?

— Ndani ya tundu. Sisi hapa umeshawahi kuona mtu anafukia duara bila kupeleka mfuko mmoja wa mawe kusagwa? Unaziba kitu hujajua kina nini. Huyo mtu awaambie waangalie kwanza.

— Heche, alisema Rispa, huo ni moyo wa mtoto. Hakuna mwamba mle.

— Sijasema dhahabu. Nimesema waangalie.

Werema, na moyo wake mzito vile, alihisi mdomo unataka kucheka. Aliwajua hawa watu. Walikuwa wanapiga kelele kuzunguka jambo lake kama majirani wanaozungushia ua nyumba ya mgonjwa, na aliwapenda, ingawa asingeweza kulitamka neno hilo hata kwa kushikiwa panga.

— Na hicho kifungo kimetengenezwa kwa nini? Ditekta aliendelea.

— Waya. Waya laini umesukwa, unajikunja ndani ya mrija, ukitoka unajifungua wenyewe.

Ditekta aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika.

— Waya.

— Ndiyo.

— Basi huyo mtoto yuko kwenye matatizo. Mimi nikipita na hii mashine karibu yake, italia. Sasa fikiria rashi hii, watu wametoka mpaka Geita na Chunya, hawamjui mtu. Mtoto anakwenda shule, jamaa anapita na ditekta, piiii. Watasema kameza dhahabu. Watamfuata mpaka darasani. Mwalimu ataweka chaki chini aanze kumchunguza.

— Aki ya nani, hiyo ni kweli, alisema Migori.

— Mgodini kwenye lile geti kubwa la kukagulia watu ndiyo hapiti kabisa. Na radi je? Radi inapenda waya. Huyo mtoto kila mvua ya Tarime ikinyesha atalazwa chini ya kitanda. Lazima apate barua ya serikali ya kijiji, yenye muhuri, ya kusema huyu mtoto analia kwa halali.

Hapo hata Rispa alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga.

— Cheka tu, alisema Ditekta. Mimi kwa upande wangu nimeshaamua. Huyo mtoto akirudi Mwanza, nikimwona njiani nazima mashine. Na kila mwenye ditekta Matongo nitamwambia azime akimwona anakuja. Asiyezima tutaonana.

Alisema kwa sauti ya kawaida, akirudi kufuta vumbi. Werema alitaka kusema asante, lakini sheria ni sheria. Huwezi kushukuru kwa niaba ya mtu ambaye hayupo.

Migori, ambaye kimya humuumiza kama jino, alikivunja vibaya.

— Lakini hilo tundu lilitoka wapi? Huyo mtu na mkewe walikuwa wanakaa karibu na baruti? Kwa sababu baruti ikipigwa, nyumba inapata ufa. Sasa mama mjamzito ameketi hapo, ardhi inatikisika, kale katoto ndani…

Kahawa ya Werema ilimwagika kwenye goti. Kweli mwaka wa mimba ile walikuwa wamepanga chumba mita chache kutoka mahali walipokuwa wakilipua. Hilo nalo lilikuwa mojawapo ya mambo aliyoyabeba.

— Migori, nyamaza, alisema Rispa. Mtoto huzaliwa nalo. Moyo unajengwa tumboni wiki za kwanza kabisa, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba, na mara nyingine ukuta haufungi vizuri. Mengine hujiziba yenyewe, hili halikujiziba. Hakuna aliyelichimba.

— Wewe umejuaje?

— Nilimuuliza nesi Selestine.

— Ulikwenda kituo cha afya? Kwa ajili ya mtoto wa mtu?

— Nina miguu, sina?

Werema alimtazama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Kisha akarudisha macho chini upesi.

— Sasa niambieni, alisema Rispa, huyo mtu kinachomkwamisha ni nini? Ndugu wa pande zote mbili za mpaka wameshamchangia, gari lipo. Mke wake kasaini tangu Jumanne. Nesi anasubiri saini ya baba tu. Wakisema yeye ni mkaidi mimi nakataa, huyo mtu si mkaidi.

Nyuma ya ukuta karasha ziliendelea kusaga.

— Huyo mtu haogopi kisu, alisema. Wangemwambia wanapasua labda angekuwa ameshasaini. Anaogopa sauti.

— Sauti imemfanya nini?

— Wanasema watakwenda gizani ndani ya moyo wa mtoto wake, waongozwe na sauti inayogonga na kurudi. Huyo mtu aliwahi kufanya kazi hiyo. Sauti hudanganya. Ikipita kwenye mwamba mkavu inasema hivi, ikikutana na maji inasema vile, na wewe umelala pale una uhakika wote wa dunia. Kuna siku alisikia kugonga mara tatu, mara tatu, akasema pale kuna watu, chimbeni.

Hakuendelea, na hakuna aliyemsukuma. Kila mtu pale alijua hayakuwa watu. Lilikuwa duara la zamani lililosahaulika, limejaa maji, na maji yalikuwa yakidondoka ndani yake kwa mpangilio kama nyundo. Walipotoboa, maji yaliingia. Wachimbaji wawili walitoka wakitambaa. Wa tatu, Olima, hakutoka mpaka walipoyavuta maji siku ya pili. Olima alikuwa mume wa Rispa.

Rispa alikuwa ameshika kishikio cha birika kwa kitambaa, hamimini, haliweki chini.

— Na kuna la pili, alisema Werema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. Mtoto akiwa na miezi miwili huyo mtu alilaza sikio kifuani kwake, kucheza naye tu. Duara likitoboka, kabla hujaliona tundu unasikia upepo unapita. Alisikia huo upepo. Fuu, fuu, kila moyo ukipiga. Alijua pale pale. Halafu akajiambia, hili ni lile sikio lililosema pale kuna watu, litajua nini. Akanyamaza. Miaka tisa kila jioni analaza kichwa pale, anausikia, ananyamaza. Mtoto akichoka anasema ni uvivu. Akipata kikohozi anasema ni baridi. Mke wake hajui mpaka leo. Huyo mtu akisaini ile karatasi, anasaini kwamba alijua.

Migori alimwekea mkono begani, kisha akakumbuka sheria, akauondoa, kisha akaurudisha.

— Omera, mwambie huyo mtu asijiue hivyo. Miaka tisa iliyopita angempeleka wapi? Hao madaktari walikuwa hawajafika huku.

— Angempeleka popote. Hata wangemrudisha wakisema hakuna kitu. Angekuwa amempeleka.

Ditekta alizima mashine yake, ingawa haikuwa imewashwa.

Rispa aliweka birika chini.

— Werema, alisema.

Jina hilo halikuwa limetajwa benchini alasiri nzima. Lilisikika vibaya, kama mtu amefungua mlango wa chumba ambamo wengine wanavaa nguo. Migori alifungua mdomo akumbushe sheria, akaufunga.

— Miaka kumi nakumiminia kahawa, alisema Rispa. Unapokea, unashukuru, hunitazami machoni. Nilisema moyoni, atasema siku moja. Nimechoka kungoja, nasema mimi. Siku ile sikio lako lilikosea. Sitakudanganya kwamba halikukosea. Nilichopoteza mimi nakijua, nimelala nacho na kuamka nacho. Lakini pale ulikuwa peke yako, gizani, kichwa kwenye jiwe, watu wanakuharakisha. Hawa wanaona ukuta wenyewe kwenye kioo, unacheza, na watakuwa wanne wanaangalia. Na kuhusu mtoto hukukosea. Wamekuja watu na mashine kutoka mbali kusema kile ulichokisikia ukiwa umelala kwenye mkeka.

— Rispa, mimi…

— Sijamaliza. Nesi nilimuuliza, wanaweza kukosea? Akasema wanaweza, hakunificha. Nikauliza, sasa wakikosea? Akasema kile kifungo kinakuwa bado kimeshikwa na waya. Wanakiweka, wanatazama, wanasikiliza damu kama bado inavuja. Kikikaa vibaya wanakivuta ndani ya mrija wanaanza upya. Hawakiachii mpaka waridhike. Aliposema hivyo nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za kituo. Kwa sababu sisi hatukuwa na hiyo, Werema. Tungekuwa na nafasi moja tu ya kuvuta nyuma, Olima angekuwa ameketi hapo anabishana na hawa wajinga.

Alifuta uso kwa ncha ya khanga, bila haraka.

— Kama kuna mtu mwenye haki ya kuchukia masikio yote ya dunia, ni mimi. Na mimi nakwambia mpeleke.

Werema alilia. Hakulia kwa kelele; alikaa tu wima na machozi yakachora njia mbili kwenye vumbi la mashavu, na alihisi kitu alichokuwa amekishika kwa nguvu miaka kumi kinamtoka vidoleni. Alimtazama Rispa machoni. Hakusema samahani, maana neno lilikuwa dogo, naye Rispa aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameshalipokea.

Ndipo Migori akakohoa kwa nguvu, akaonyesha njia kwa kidevu.

Waisiko alikuwa anapanda kutoka bondeni. Alisimama kwenye jiwe jeupe, akapumua. Akaja mpaka kwenye bodaboda zilizoegeshwa, akashika usukani wa mojawapo, akapumua. Akasimama tena kwenye kona ya banda, kana kwamba anaangalia kuku. Hakuna aliyekwenda kumbeba, kwa sababu hapendi kubebwa mbele za watu. Walimngoja tu, na kila mmoja alikuwa anapumua naye.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mama, marahaba.

Aliketi karibu na baba yake, miguu haifiki chini. Ni mwembamba, macho makubwa, sare ya shule imeshonwa upya kiunoni.

— Tata, mama anasema nesi Selestine amekuja kuchukua karatasi. Gari la Mwanza linatoka Mugumu kesho asubuhi.

Benchi lilirudi kwenye sheria yake mbio mbio, kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu.

— Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nasema, alianza Ditekta, huyo mtoto wa mtu…

— Mtoto wa mtu gani? aliuliza Waisiko.

— Wa mbali, alisema Migori. Kenya huko. Humjui.

— Anaumwa?

— Kidogo. Ana katundu kwenye moyo. Watakaziba, atapona.

Waisiko alifikiri. Alikuwa anachezea ncha ya karatasi iliyochungulia kwenye mfuko wa baba yake, hakuitoa.

— Na yeye baba yake humsikiliza?

— Humsikiliza vipi?

— Kifuani, jioni. Mimi tata hunisikiliza kila siku. Analaza kichwa hapa, ananyamaza, halafu ananifunika. Mimi hujifanya nimelala.

Waisiko aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akauliza, kwa namna mtoto anavyouliza kama kesho kuna shule:

— Wakishaliziba, na ule upepo ukaisha, atakuwa anakuja kusikiliza nini?

Ditekta, aliyekuwa na jibu la radi na jibu la geti la mgodi, alitazama mbali. Migori, ambaye moyo kwake ulikuwa ziwa na daktari mvuvi, alitazama chini. Rispa alitazama birika.

Werema aligeuka, akainamisha kichwa kwenye kifua cha binti yake hapo hapo, mchana, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Lakini karasha zilikuwa zinanguruma nyuma ya ukuta. Alikunja uso, akafunga macho, hakusikia kitu.

Ditekta aliinuka, benchi likayumba. Akazunguka banda. Karasha ya kwanza ilinyamaza. Halafu ya pili. Ya tatu ilibisha kidogo, sauti ya mtu ikasikika ikiuliza wewe umetumwa na nani, kisha nayo ikanyamaza. Wasagaji walitoka, weupe kwa vumbi, koleo mikononi, wakidhani duara limeanguka. Walimkuta Ditekta na kidole mdomoni. Wakaona mwanamume ameinama na mtoto ameketi wima kabisa ili asimsumbue. Wakasimama.

— Unasikia nini, tata?

— Upepo.

— Bado upo?

— Upo. Niliusikia tangu una miezi miwili. Nilipaswa kusema, sikusema. Niliogopa.

— Mimi pia nausikia, alisema Waisiko. Nikilalia ubavu. Nilifikiri kila mtu anao.

Werema aliinua kichwa.

— Sijui moyo wako unapiga vipi bila huo upepo. Sijawahi kuusikia hivyo. Ndiyo nitakachokuja kusikiliza. Kila jioni, mpaka uolewe uniambie nitoke.

Waisiko alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Werema alitoa karatasi, akaikunjua mara nne. Migori alikuwa na kalamu. Benchi lilikuwa linayumba mno, kwa hiyo Ditekta aligeuza mashine yake, akamkingia kile kisahani cha chini, na Werema akasaini juu yake, jina zima, herufi kubwa, mkono wake umetulia.

Rispa aliinamisha birika kwenye kikombe cha Werema. Yalitoka machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Kuna nini hapa? aliuliza mmoja wa wasagaji, kijana mgeni aliyefika na rashi wiki hiyo. Mmezima mashine kwa ajili ya nani?

— Kuna mtu, alianza Ditekta.

— Hakuna mtu, alisema Rispa. Ni Werema. Anampeleka Waisiko Mwanza.

Yule kijana akavua kofia, ingawa hakuwajua. Werema alichuchumaa, na safari hii Waisiko hakuona haya. Alipanda mgongoni, akamshika baba yake shingo. Walishuka taratibu, wakapita kwenye bodaboda, wakapita jiwe jeupe, na karasha hazikuwashwa mpaka walipopinda kona.